Mwani Gani Uagize Ukiwa Nyanda za Juu Kusini? Spinosum, Cottonii, Agari, wa Kahawia na wa Kijani

Gunia la mwani likishamaliza kona za Kitonga na kushushwa stendi, mnunuzi wa huku juu hana tena njia ya kujua mmea ule ulikuwaje baharini. Anachoona ni vitawi vikavu, chumvi nyeupe imeganda juu yake, na muuzaji anayemwambia, "Huu ni mwani, mama, unatibu kila kitu." Hapo ndipo hela za watu zinapokwenda na maji. Mwani wa sabuni, mwani wa jeli, mwani wa kutengenezea mbolea ya maji na mwani unaoviringishiwa wali wa Kijapani ni mimea mbalimbali. Mwani mwekundu na mwani wa kahawia wako mbali kiukoo kuliko mhindi na mparachichi.

Naandika kwa waliokwama katikati: mama anayetaka kuongeza bidhaa kwenye meza yake ya sabuni Mwanjelwa, mkulima wa parachichi Njombe aliyeonyeshwa chupa kwenye duka la pembejeo, kijana wa Iringa anayegandisha mtindi, na yule aliyeona mitandaoni jeli ya "sea moss" akajiuliza kama ndiyo hiihii inayolimwa Paje, Unguja. Huyo wa mwisho nimjibu mapema. Mwani wenye jina hilo kwa asili, *Chondrus crispus*, huota kwenye miamba ya bahari baridi ya Atlantiki, Ulaya na Amerika Kaskazini, na haulimwi Tanzania. Unaouzwa kwa jina hilo katika nchi za joto mara nyingi ni cottonii, spinosum au mwani wa jamii ya *Gracilaria*. Si lazima iwe sumu wala utapeli, kwa maana nao hutoa jeli. Ila usilipie jina la ng'ambo kwa kitu kilichotoka Unguja.

Tutapima kwa lipi

Mambo manne. Kwanza, mwani unatoa nini ukichemshwa, ukisagwa au ukikamuliwa, kwa sababu hilo ndilo unalonunua hasa. Pili, madini joto (iodini) na chumvi. Jambo hili lina uzito wake huku milimani na nitalirudia. Tatu, kuupata na kuutunza kwenye hali yetu ya hewa. Nne, unamfaa nani.

Bei sikuiweka kuwa kigezo, kwa kuwa inapanda na kushuka kwa msimu na kwa nauli ya mzigo. La kujua ni kwamba mkulima wa pwani hupata bei nzuri zaidi kwa cottonii kuliko kwa spinosum, na tofauti hiyo hupanda nayo mlima.

Rangi pia nimeiacha, ingawa wataalamu ndiyo wanayoitumia kugawa makundi matatu ya mwani: mwekundu, wa kahawia na wa kijani. Mgawanyo wao ni sahihi maabara, lakini dukani unadanganya. Spinosum na cottonii zote ni za kundi jekundu, na bado utazikuta shambani zikiwa za kijani, za kahawia au za zambarau, na jua la kukaushia likishazipiga hugeuka manjano au karibu nyeupe. Anayechagua kwa macho anachagua jua, si mwani.

1. Spinosum

*Ulivyo.* Jina lake la kitaalamu ni *Eucheuma denticulatum*. Matawi ni membamba, na kila tawi limezungukwa na miba midogomidogo iliyopangana. Hata ukiwa mkavu, pitisha kidole utaisikia. Huu ndio mwani uliojaa Unguja na Pemba, na hulimwa pia pwani ya bara kuanzia Tanga hadi Mtwara. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, nyuma yake kukiwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wengi ni wanawake. Maji yakikupwa, hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvuna.

*Unachotoa.* Karajinani, ile dutu ya mwani mwekundu inayogandisha vitu, aina ya iota. Ukiuchemsha ukauchuja, unapata jeli laini inayovutika, inayotikisika bila kupasuka na isiyotoa maji pembeni hata ikikaa. Inavumilia kugandishwa kwenye friza na kuyeyushwa, kwa hiyo inafaa kwa barafu za watoto na juisi nzito. Kwenye sabuni haichemshwi: husagwa. Watengenezaji wa Zanzibar huchanganya unga wa mwani na mafuta ya nazi na viungo kama karafuu na mdalasini, na unga ule hubaki ndani ya kipande ukisugua ngozi taratibu. Uchekeche mara mbili. Punje ikibaki kubwa inakwaruza, na mteja wa uso harudi.

*Madini joto na chumvi.* Madini joto yapo kwa kiasi cha wastani, si ya kutisha kwa anayekula kidogo. Chumvi ndiyo nyingi. Ule weupe juu ya tawi kavu wengi huudhania ukungu na kurudisha mzigo, kumbe ni chumvi iliyotoka nje mwani ulipokauka, na sehemu yake kubwa ni ya potasiamu. Loweka usiku kucha, badili maji mara tatu au nne. Mwenye ugonjwa wa figo asiule bila kumwuliza daktari wake, kwa sababu ya potasiamu hiyohiyo. Na yale maji ya kwanza usimwage kwenye tuta la mboga.

*Kuupata na kuutunza.* Ndio rahisi kuagiza: mtu wa Kariakoo au Tanga anaufunga kwenye kiroba, unakuja na basi. Uliza ulikaushwa juu ya nini. Uliokaushwa kwenye chanja ni msafi, ule wa mchangani unakuja na mchanga unaolipia kwa kilo. Jua pia kwamba mwani "mkavu" wa biashara unaweza kuwa bado na maji karibu theluthi moja ya uzito wake. Makambako au Iringa mjini wakati wa kiangazi, siku mbili za jua la huku zinatosha kuumaliza. Tukuyu ni kesi nyingine. Kule ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, chumvi ya mwani huvuta unyevu wa hewani na kiroba kinalainika chenyewe. Tumia ndoo yenye mfuniko unaobana.

*Unamfaa nani.* Mtengeneza sabuni na losheni, muuza juisi, na yeyote anayeanza na mtaji mdogo na anaweza kuharibu kilo moja akijifunza bila kulia.

2. Cottonii

*Ulivyo.* *Kappaphycus alvarezii*. Matawi manene, laini, bila ile mistari ya miba. Hulimwa kwa namna ileile ya spinosum ila ni mdekaji: maji yakipata joto sana hudhoofika, matawi hugeuka meupe na kukatika. Tangu miaka ya 2000 mashamba mengi ya maji mafupi Zanzibar yamekuwa yakiukosa kwa sababu hiyo, na juhudi zimekuwa za kuuhamishia kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi sana. Wanawake wengi hawana boti wala hawajui kuogelea, ndiyo maana jambo linaloonekana dogo kwa mnunuzi wa Mbeya ni zito kwa mlimaji.

*Unachotoa.* Karajinani aina ya kapa. Jeli yake ni ngumu, inakatika kwa kisu ikaacha ukingo, na ikikaa hutoa majimaji pembeni. Sifa yake ya pekee iko kwenye maziwa: hushikana na protini ya maziwa, kwa hiyo kiasi kidogo mno kinatosha kuyafanya mazito na kuzuia kakao isitue chini. Angalia nyuma ya pakiti ya maziwa ya chokoleti au aiskrimu. Ukiona namba E407, ni karajinani. Kiwandani hutumika iliyosafishwa, ya unga mweupe. Ukiuchemsha mwenyewe jikoni utapata jeli, lakini nguvu yake itabadilika kutoka kiroba kimoja hadi kingine, na kwa bidhaa ya kuuza jambo hilo litakusumbua.

*Madini joto na chumvi.* Yanafanana na ya spinosum. Loweka vilevile.

*Kuupata na kuutunza.* Ni adimu zaidi, na hapa ndipo watu huuziwa spinosum kwa bei ya cottonii. Kabla ya kulipa, omba picha ya karibu ya tawi. Miba ikiwepo kwa mistari, si wenyewe. Ukishaupata, tia kijiko cha jeli iliyopoa kwenye sahani na uikate. Ikisimama na kupasuka ni cottonii, ikivutika na kurudi ni spinosum.

*Unamfaa nani.* Anayetengeneza vitindamlo vya maziwa, mtindi mzito, au jeli ya kukata vipande. Kwa jeli ya uso inayopakwa, haina faida kubwa juu ya spinosum, labda kwa macho ya mteja.

Neno moja linalozigusa zote mbili: limau, pasheni na ukwaju hupunguza nguvu ya karajinani ikiwa bado motoni. Epua kwanza, kisha ndiyo utie tindikali. Kwa upande mwingine, nanasi na papai mbichi ambavyo huivunja jeli ya jelatini haviiwezi jeli ya mwani, kwa kuwa yenyewe si protini. Na kwa kuwa jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ikiwemo nguruwe, jeli ya mwani inawaondolea Waislamu na Wasabato wa mtaa wako swali la kujiuliza.

3. Agari

*Ulivyo.* Agari haiji ikiwa mwani, inakuja ikiwa unga au nyuzi, imeshatolewa kwenye mwani mwekundu wa jamii za *Gelidium* na *Gracilaria*. Wajapani ndio walioanza kuitumia jikoni, karne nyingi zilizopita. Maabara iliingia miaka ya 1880, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, alipopendekeza ile jeli anayopikia itumike kuoteshea bakteria badala ya jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto. Mpaka leo, sampuli yako ya mkojo ikioteshwa hospitali ya rufaa, inaoteshwa juu ya mwani.

*Unachotoa.* Jeli ngumu, safi, isiyo na ladha, inayoganda ikipoa hadi kama nyuzi 35 hivi na isiyoyeyuka tena mpaka ipashwe zaidi ya nyuzi 80. Maana yake ni kwamba jeli yako inaweza kukaa kwenye meza ya harusi ya mchana bila kuwa maji. Miche ya maabara, iwe ya migomba au ya viazi mviringo, nayo huanzishwa kwenye chupa zenye jeli ya namna hii.

Hapa mwinuko wetu unaingia jikoni. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Agari bado itayeyuka, lakini maelekezo ya pakiti yanayosema "chemsha dakika mbili" yameandikwa na mtu wa chini. Chemsha dakika tano au sita, ukikoroga, mpaka usione punje hata moja ukiinua kijiko. Kuganda ndiko kunakotupendelea: usiku wa Juni na Julai, sinia ikiachwa juu ya meza imeshaganda kabla hujamaliza kuosha vyombo, friji ya nini?

*Madini joto na chumvi.* Karibu hakuna, vimebaki kiwandani.

*Kuipata na kuitunza.* Maduka ya vifaa vya keki mijini, au kuagiza. Haivuti unyevu kama mwani mzima. Ya maabara ni ghali na haina haja ya kuingia jikoni. Nayo ya jikoni usiipeleke maabara, maana usafi wake haujapimwa kwa kazi hiyo.

*Inamfaa nani.* Mpishi wa keki na vitindamlo anayetaka matokeo yaleyale kila siku, na asiyependa harufu ya bahari nyumbani kwake. Mtengeneza sabuni hana kazi nayo.

4. Mwani wa kahawia

*Ulivyo.* Kundi kubwa kimaumbile. Kwenye bahari baridi kuna mwani mkubwa wa jamii ya kelpi, wenye majani marefu ya mita nyingi. Kwenye miamba yetu ya joto kuna *Sargassum* yenye vifuko vya hewa vinavyouelesha, *Turbinaria* na *Padina*. Kwa mnunuzi wa huku, wa kahawia unakuja kwa sura tatu: chupa ya mbolea ya maji, vidonge au unga wa "kelp", na pakiti za vyakula vya Kijapani kama kombu na wakame.

*Unachotoa.* Kwanza alginati, ile inayochanganywa na maji na daktari wa meno akakujazia mdomoni kuchukua umbo la meno. Hutumika pia kwenye bandeji za vidonda vyenye maji na kwenye vyakula, namba E400 hadi E405. Pili, vichocheo vya ukuaji wa mimea. Kelpi ya Afrika Kusini, *Ecklonia maxima*, hukamuliwa na kuwa maji yanayonyunyiziwa au kuchovewa mizizi ya miche. Ndani yake mna homoni zinazosaidia mizizi kutoka na mche kuvumilia kuhamishwa.

Mkulima wa parachichi au viazi aelewe vizuri: chupa hiyo si mbadala wa mbolea ya kukuzia. Nitrojeni na fosforasi zilizomo ni kidogo mno kulisha ekari. Na kama udongo wako wa Njombe au Mufindi una asidi, kama ulivyo udongo mwingi wa huku, mwani hautaiondoa. Hilo ni la chokaa, na mawe ya chokaa tunayo Songwe. Pima udongo, weka chokaa, weka mbolea, halafu kama hela imebaki nyunyizia mwani kwenye miche. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa umepaka rangi nyumba isiyo na msingi.

*Madini joto na chumvi.* Hapa nitakaa kidogo. Iodini, ambayo sisi tunaiita madini joto, iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois kwenye majivu ya mwani. Miaka tisa baadaye, daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, akaanza kuitumia kutibu uvimbe wa shingo kwa watu wa milimani. Milima ya Uswisi na milima yetu ina kasoro moja: mvua za karne na karne zimesomba madini hayo kutoka kwenye udongo, na mazao yanayoota hapo hayana ya kutosha. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyoathirika sana na goita. Wazee wanakumbuka shingo zilizovimba kuwa jambo la kawaida kijijini, na vidonge vya mafuta vya madini joto vilivyogawiwa kuanzia miaka ya 1980. Kisha ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi, katika miaka ya 1990.

Kwa historia hiyo, ni rahisi muuzaji kukushawishi kwamba mtu wa milimani anahitaji vidonge vya kelpi. Hesabu inasema vingine. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Gramu moja tu ya baadhi ya kombu kavu inaweza kubeba mikrogramu 2,000 na zaidi, na kiasi hubadilika sana kutoka jani hadi jani. Ziada nayo huvimbisha shingo: katika miaka ya 1960, watu wa pwani ya Hokkaido, Japani, waliokuwa wakila kombu kwa wingi walikutwa na goita ileile ya wasiokuwa na madini joto kabisa. Chumvi ya jikoni yenye madini joto, iliyofungwa vizuri na kutiwa mwishoni mwa upishi, inamaliza kazi kwa bei ya chumvi.

Kuna pia hijiki, mwani mweusi wa Kijapani wa jamii ya *Sargassum*. Mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu mwaka 2004 wasiule kwa sababu ya aseniki. Ukiukuta kwenye pakiti, uache hapohapo.

*Kuupata na kuutunza.* Mbolea ya maji inapatikana kwenye maduka makubwa ya pembejeo, na chupa hukaa muda mrefu kivulini. Wale wanaowaza kuzoa *Sargassum* ya bure ufukweni na kuileta shambani wapige hesabu ya lori: Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo wenyewe ukiwa mbichi ni maji matupu. Samadi ya ng'ombe wa jirani iko mita 50.

*Unamfaa nani.* Mwenye kitalu cha miche ya parachichi au mboga ambaye mambo ya msingi ameshayaweka sawa, na daktari wa meno. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaweza kukutana na unga wa kelpi kwenye mchanganyiko wa madini. Akumbuke kwamba madini joto ya ziada hupita kwenda kwenye maziwa, kwa hiyo kipimo cha kwenye mfuko kifuatwe. Kwa kula kila siku, sioni mtu wa kawaida wa huku anayeuhitaji, na mwenye tatizo la tezi ya shingo auepuke mpaka daktari aseme.

5. Mwani wa kijani

*Ulivyo.* Maarufu ni *Ulva*, yenye majani membamba yanayopitisha mwanga. Huota haraka mahali penye maji ya virutubisho vingi, ikiwemo yanakomwagikia maji machafu, na wakulima wa mwani huukuta ukisonga kamba zao.

*Unachotoa.* Hautoi jeli ya maana jikoni. Hutoa chakula: protini kiasi, magneziamu kwa wingi. Hulishwa samaki na kuku kwa kipimo kidogo, na kwenye ufugaji wa baharini huwekwa usafishe maji yanayotoka kwenye mabwawa.

*Madini joto na chumvi.* Ni kidogo kuliko wa kahawia. Lakini kwa kuwa hufyonza chochote kilichomo majini, ulikovunwa ndiko kwenye swali.

*Kuupata na kuutunza.* Kusema kweli, haufiki huku kibiashara. Mbichi huoza upesi na kunuka yai viza.

*Unamfaa nani.* Aliye pwani. Mfugaji wa kuku wa Uyole au Igawilo anayetafuta majani yenye protini aangalie azola, inayoelea kwenye bwawa la maji baridi nyuma ya nyumba. Hiyo si mwani, ni jamii ya mimea ya kangaga, lakini kazi ile inaifanya.

Visivyo kwenye mizani hii

Nori, karatasi nyeusi za kuviringishia wali, ni mwani mwekundu wa jamii ya *Pyropia*. Ni chakula, hautoi jeli, madini joto yake ni ya kiasi. Wanaoupenda wanaujua, wasioujua hawana wanachokosa. Spirulina huuzwa rafu moja na mwani, lakini ni bakteria wa kijani-bluu wanaoota kwenye ziwa lenye magadi, wenye protini nyingi, na vitamini B12 inayotangazwa kwenye makopo yake kwa sehemu kubwa si ile ambayo mwili unaweza kuitumia. Na yale majani marefu yanayosukumwa ufukweni kama nyasi ni nyasi kweli za baharini, zina mizizi na maua. Zisije kwenye kiroba chako.

Ukiwa na hali hii, fanya hivi

Unatengeneza sabuni za vipande na unataka ya mwani: spinosum ya chanja, kilo moja, isagwe na kuchekechwa, ujaribu kwenye sufuria moja kabla ya kubadilisha bidhaa yote. Ukitaka kuuza nje ya mtaa, vipodozi na vyakula vyote viwili viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndiko pa kuanzia mafunzo.

Unauza juisi au jeli ya kunywa: spinosum ukiwa na muda wa kuloweka na kuchuja, agari ukiwa huna. Jeli ya spinosum ya nyumbani kaa nayo kwenye friji kwa siku chache tu. Ikianza kunukia uchachu imwage, hata kama mteja ameshalipia.

Unagandisha mtindi au vitindamlo vya maziwa: anza na karajinani ya unga ya kapa, na cottonii mzima uwe wa majaribio. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko unavyodhani, kwa hiyo tafuta mzani wa gramu kabla ya kutafuta mwani.

Una mashamba ya viazi vya chipsi: usimwage mwani mwekundu mzima shambani kwa kusikia una potasiamu. Unakuja pamoja na kloraidi, na viazi vikipata kloraidi nyingi hujaa maji na kufyonza mafuta. Makapi yaliyobaki baada ya kuloweka na kuchuja yatie kwenye mboji, hapo hayana shida.

Una miche ya parachichi kitaluni, udongo umeshapimwa: mbolea ya maji ya mwani wa kahawia, kwenye nusu ya miche. Nusu nyingine uiache ulinganishe, maana duka halitakufanyia hilo.

Wewe ni mjamzito, unanyonyesha, au umewahi kuambiwa una tatizo la tezi: mwani wa kahawia na vidonge vyake weka pembeni kabisa, na jeli ya mwani mwekundu ile siku unayoitamani, si kijiko kila asubuhi.

Na ukikuta gunia moja tu sokoni, halina jina, muuzaji naye hajui: chomoa tawi moja, ulipapase kama lina miba, kisha omba robo kilo ukachemshe nyumbani. Ukiyeyuka na kuganda ni mwekundu, rudi umalize biashara. Ukibaki majani yenye utelezi yasiyoyeyuka ni wa kahawia, na hapo huna sabuni wala jeli, usirudi.